Nilimwambia Atazoea

Mama Neema,

Shikamoo. Ni miezi minane sasa tangu tukuzike Kilimatinde, na sijakuandikia hata mstari mmoja. Jumapili tulikuzika, Jumatatu asubuhi nikafunga begi la dawa kwenye pikipiki nikaenda kwa wagonjwa. Hivyo ndivyo ulivyonilea.

Kazi inaendelea. Chumba chetu cha huduma shufaa, cha wagonjwa wasiotarajiwa kupona, kimepakwa rangi. Kwenye meza yako anakaa nesi mpya, Oliva, binti mpole anayeogopa pikipiki. Yule bibi uliyekuwa ukimkata kucha alifariki kwa utulivu, mjukuu wake akiwa amemshika mkono.

Ninachotaka kukueleza ni habari ya Mwajuma. Hukumfahamu. Baba yake, Mzee Salimu wa kule Mtinko, alikuwa na saratani ya koo. Mwajuma aliacha kuuza mafuta ya alizeti mjini, akarudi kumuuguza. Kila Alhamisi nikifika ananihesabia vijiko vya uji alivyomeza mzee. Alhamisi moja akanifuata hadi kwenye pikipiki, akalia. Alisema hawezi tena kumsikia baba yake akihangaika kuvuta pumzi. Nilimtazama, nikaona mdomo tu unaochezacheza. Nikavaa helmeti, nikamwambia, "Utazoea."

Sikuona aibu, Mama. Njiani nilikuwa nawaza kama petroli itanifikisha kwa mgonjwa mwingine.

Nadhani ilianzia kwako. Wiki zako za mwisho nilikuogesha, nikakupimia mofini ya kutuliza maumivu, nikaandika kila kitu kwenye daftari. Siku ile uliniambia, "Rehema, acha kuandika. Kaa hapa." Nilikaa kidogo, kisha nikainuka kubadilisha shuka ambalo lilikuwa safi. Nilikukimbia. Tangu hapo nikawa naingia nyumba za watu na kutoka kama mtu anayesoma mita za maji.

Mzee Salimu alifariki wiki iliyofuata. Nilienda msibani, nikamkuta Mwajuma mkekani kati ya wanawake, nikampa pole. Akasema taratibu, bila hasira, "Nesi, bado sijazoea."

Nilitafuta yale maneno tunayowaambia wafiwa siku zote. Hayakuja. Nikasema, "Hata mimi."

Hapo nikalia. Nililia mbele ya watu walionizoea nikiwapangusa machozi wao. Nilimlilia Mzee Salimu, nikakulilia wewe, nikawalilia na wengine ambao majina yao nilikuwa nimeshayasahau. Shangazi yake Mwajuma alinisogezea nafasi mkekani. Mwajuma mwenyewe alinipa ncha ya kanga yake nijifute. Nikamwomba radhi kwa neno lile. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe, nami sikumlazimisha.

Kesho yake nilimweleza mganga mfawidhi, mkuu wetu wa kazi, yote, nikisubiri barua ya onyo. Akaniuliza mara ya mwisho nilipumzika lini. Nikafikiri, nikafikiri, nikakosa jibu. Akanipa likizo.

Nilienda nyumbani Issuna. Siku za mwanzo nililala tu, naamka kula. Mama yangu hakuniuliza kitu. Siku ya nne alinipa fimbo, tukapiga alizeti pamoja uani hadi mikono ikatoka malengelenge, na nikagundua kwamba nina njaa.

Kabla ya kurudi kazini nilipita mjini kumsalimia Baba Neema. Nikamwambia mume wako kwamba mimi sina moyo mgumu kama wako. Alicheka kidogo. Akanieleza kuwa kila ulipofiwa na mgonjwa ulikuwa ukiingia banda la kuku na kukaa humo mpaka giza linaingia. Watoto walidhani unaokota mayai. Siku moja alikufuata, akakukuta umekaa juu ya ndoo, umeuma kanga, unalia. Ukamsihi asije akawaambia "wale watoto wa kazini."

Nilikasirika, Mama Neema. Ulinifundisha kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza. Ulinifundisha kunyamaza mtu anapotaka kunyamaziwa. Hili ukanificha. Miaka sita nilidhani wewe huumii, nami nikajitahidi nisiumie. Sasa hasira imepungua. Najua ulitaka kutulinda. Lakini ningefurahi kama ungeniita, hata mara moja tu, nije nikae na wewe.

Wiki iliyopita Oliva alifiwa na mgonjwa wake wa kwanza. Alirudi ofisini akaanza kupanga chupa za dawa zilizokuwa zimeshapangwa. Nikamwambia aache. Nikafunga mlango, tukakaa. Alinieleza jinsi mgonjwa wake alivyokuwa akimtania kwa Kinyaturu kila akifika, na yeye haelewi hata neno. Alicheka, akalia, akacheka tena. Nami nikamsimulia habari zako, zile ambazo hukutaka tuzijue. Nimeitoa siri yako, Mama. Baba Neema ameniruhusu.

Basi nakuaga, kwa kuwa siku ile ya mwisho nilikuwa na haraka, sikukuaga vizuri. Lala salama. Wagonjwa wako sitawaacha. Na siku nikichoka nitamwambia Oliva waziwazi kwamba nimechoka, ili alibebe yeye begi siku hiyo.

Ni mimi, uliyenifundisha kazi,
Rehema