Kiti cha Nyuma Huko Sagana

Kawangware, 23 Februari 2025

Dadangu Jael,

Sasa? Natumai uko poa na watoto wa daycare hawakusumbui. Kikohozi kimeisha? Sisi huku tuko salama, ila Waceke, mwenye plot tunayopanga, ametuahidi maji mara ya tatu na mfereji bado mkavu. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu tangu nirudi kutoka Sagana haushiki simu zangu.

Acha nikuambie ilivyokuwa. Shirika linalosaidia daycare zetu lilitupeleka mto Tana, huko Sagana, akina mama kumi na wawili wa daycare. Tukavalishwa helmeti na jaketi za kuelea, tukaingia kwa boti za mpira, sita sita. Mwalimu wetu, Khaemba, aliniweka kiti cha nyuma niongoze. Tulipofika penye maji yanaruka, nikaanza kupiga kelele: mbele, rudi, kushoto, yote kwa pamoja. Boti ikazunguka tu. Khaemba akaniambia, "Sema neno moja, halafu ungoje wakusikie." Nikasema "mbele", nikanyamaza. Wakapiga kasia pamoja, tukapita.

Sasa shirika linataka niwe mwenyekiti wa daycare zetu zote, Kibera na Kawangware. Furahi na mimi.

Mdogo wako,
Caren

Kisumu Ndogo, Kibera, 16 Machi 2025

Caren,

Barua nimepata. Kikohozi kiliisha, watoto wako sawa.

Unataka nifurahi. Nimejaribu. Kanisani kila mtu ananiuliza kama nimeona picha yako na hiyo helmeti. Nacheka mpaka mashavu yanauma, halafu nafika nyumbani sina hamu ya kula. Nikiipata kwa status ya mtu naipita haraka, baadaye narudi kuiangalia peke yangu. Ni wivu, sina jina lingine la kuuita.

Nani alianzisha hicho kikundi chetu cha daycare? Nani alikufundisha kulaza watoto kumi chumba kimoja bila kuamshana? Mimi nimekua kando ya ziwa, naogelea tangu miaka sita. Wewe uliletwa Nairobi ukiwa mgongoni, maji yakifika magotini unalia. Na bado walikuchagua wewe. Niambie tu, waliona nini kwako ambacho mimi sina?

Na mambo ya neno moja usiniandikie tena. Hiyo niliijua kabla ya Sagana.

Dada yako mkubwa,
Jael

Kawangware, 6 Julai 2025

Dada Jael,

Habari ya siku nyingi? Natumai una afya. Mimi mwili uko sawa, roho haiko.

Nimekaa na barua yako miezi mitatu na zaidi kwa sababu uliuliza swali na jibu ninalo. Hawakunichagua. Walikuita wewe. Audrey wa shirika alikukosa kwa simu, akanipigia mimi nikupe ujumbe kwamba gari linatoka Ijumaa asubuhi. Nikamwambia wewe ni mgonjwa, huwezi kusafiri, lakini mimi niko. Ulikuwa unakohoa kweli, ila si kikohozi cha kukulaza kitandani. Nilitaka siku moja watu waseme Caren, wasiseme mdogo wa Jael. Huo wivu unaousema, mimi nimelala nao tangu utoto.

Kuna kingine nilikuficha. Kwa maji ya mwisho yanayoruka nilianguka mtoni. Waliponivuta ndani nikasema sijaumia, kumbe mkono umeteguka, na bado nikang'ang'ania kuongoza. Tukagonga mwamba, Wangoi, mmoja wa akina mama wa boti yetu, akapasuka mdomo. Khaemba hakunifokea. Alisema, "Kiongozi akiumia, aseme. Hawa wengine wanakutegemea."

Jana nimesimama mbele ya akina mama wote, nikawaambia nilichokufanyia, nikaacha uenyekiti. Audrey anapeleka kundi lingine Agosti na ameandika jina lako. Ukiwa na neno la kuniambia, hata kama ni baya, nitalipokea.

Mdogo wako,
Caren

Kisumu Ndogo, Kibera, 31 Agosti 2025

Caren,

Niko mzima. Mkono ulipona? Nauliza nikiwa na hasira, lakini nauliza.

Barua yako niliirarua. Halafu nikaenda Sagana, na nilienda nikushinde. Khaemba alipouliza nani atakaa nyuma, niliinua mkono kabla hajamaliza. Na nilikushinda. Boti yangu haikuzunguka hata mara moja. Wangoi alikuwa amerudi, akakaa mbele, ameshika kamba ya boti hataki kuiachilia. Nikamwambia apige kasia polepole vile anaweza, na wengine nikawaambia wamfuate yeye, wasinifuate mimi. Pale ulipoanguka tukapita wote tukiwa tumekaa. Akina mama wakasema uenyekiti ni wangu, nimekubali.

Tulipotoka majini kila mtu akachukua simu, huyu anapigia bwana, huyu anapigia watoto. Mimi pia nikachukua yangu, nikatafuta mtu wa kumwambia nimekushinda. Nikapekua majina yote, na kila mara kidole kinasimama kwa lako. Sikupiga. Nilirudisha simu mfukoni nikakaa kwa mawe mpaka nguo zikakauka.

Njoo Jumapili ijayo, tukitoka kanisani. Sijakusamehe yote. Lakini hakuna mtu nimemsimulia huo mto, na nimechoka kukaa nao peke yangu.

Dadako,
Jael