Vitufe vya Baba Vimenyamaza

Dada,

Usiguse kompyuta ya Baba, wala usihifadhi kitu kipya ndani yake, kisije kikakaa juu ya vile vilivyofutika. Nimekwenda kumleta fundi. Baba ameshakunywa dawa. Uji wake uko kwenye chupa.

~~Nadhani umeme ndio ulioiharibu.~~ Hapana, ni mimi. Diski ilikuwa imejaa, nikaona nipange mafaili ya mipangilio ya ile programu inayomsemea Baba. Yaliyojirudia nikayafuta, nikijiona mtaalamu kwelikweli. Kumbe faili moja ndilo lililobeba sentensi zote ambazo Baba amejiwekea tangu kiharusi kilipomnyang'anya sauti, kila kitufe na maneno yake.

Asubuhi alibonyeza kile cha kunisalimia. Kimya. Akabonyeza tena, kisha akanitazama. Nikamweleza nilichofanya, macho yangu sakafuni.

Fundi amesema kwa simu huenda faili likarudi, lakini hakuahidi. Lisiporudi, nitakaa na Baba tuyaandike maneno yake yote upya, hata yale ya kukutania kwa mapishi yako.

Tafadhali usimwulize maswali mengi leo. Kompyuta bado inasoma kwa sauti anachoandika bila kukihifadhi, lakini inambidi aandike herufi mojamoja kwa kile kidole kizima, na anachoka haraka. Nilipokuwa navaa viatu aligonga meza, nikarudi. Aliandika mpaka jasho likamtoka. Nikajua leo nimepatikana. Kompyuta ikasoma: "Kunywa chai kwanza, mwanangu."

Nimeinywa nimesimama, machozi yananitoka.

Mdogo wako