Aliye Hai Huanziwa Miguuni

Alhamisi, 2 Juni 1949

Siku ya kumwogesha Bi Mkubwa. Upepo wa Sumbawanga leo una meno! Kuni nilizoletewa kutoka Katandala mbichi, moshi mtupu, nimetokwa machozi kama mfiwa.

Lakini kazi hii naipenda, sisemi uongo. Tangu Huseni anioe kutoka Pito — nilikuwa Adela wa masista, nikasilimu, nikawa Hamisa — wifi yangu Mwantum hajachoka kuigiza matamshi yangu ya Kifipa. Bi Mkubwa, mama yao, hajanicheka hata siku moja. Alhamisi anakaa kwenye kigoda bafuni, nammwagia maji, naye ananisimulia hamamu ya Unguja, nyumba ya kuogea kwa mvuke. Ya Sultani Seyyid Baraghashi! Alikuwa msichana, kazi yake kuwasugua wanawake kwa dodoki. Anasema moto ulikuwa unawaka chini ya sakafu, watu wako juu, mawe yana joto mpaka unakanyaga kwa mitalawanda, viatu vya mti. Darini matundu, mwanga unashuka na mvuke unapanda, vinakutana katikati. Wala si ya wakubwa tu. Mtu yeyote wa mjini aliingia, akatoka mpya.

Na sheria yake moja: aliye hai huanziwa miguuni, mwili uzoee joto polepole. Maiti ndiye haanziwi miguuni. Shangazi yake alikuwa mwosha maiti, kwa hiyo haya mambo hayachanganyi.

Nikamwuliza, siku hizi ikoje, Mama? Akasema maji yanapoa.

Afadhali aligeuza maneno. Huseni alifika Unguja wakati wa vita, akarudi akamwambia mamake iko vilevile. Mimi aliniambia kweli: imefungwa miaka mingi, popo tu. Niliapa kufunga mdomo. Sikupenda, lakini niliapa.

Jumanne, 7 Juni

Baridi. Nimepepeta ulezi. Mwantum kachambua mchele kutwa nzima, kidole kidogo juu, kama bibi harusi. Sina la kuandika.

Alhamisi, 9 Juni

Ewe ulimi wangu!

Wageni walikuwepo, wanawake wa msikitini, wamekuja kumjulia hali Bi Mkubwa na kupanga mambo ya Ramadhani. Wako barazani na kahawa yao. Mimi uani na moshi wangu. Nawasikia wanacheka, na Mwantum anaigiza mtu — najua ni mimi. Nikachemka kuliko sufuria. Nikaita kwa sauti, kwa hasira, bila kufikiri: "Mama! Maji tayari, njoo nikuoshe!"

Vicheko vikakatika. Hata kikombe hakikulia.

Kwetu Pito tunaosha kila kitu. Sufuria, miguu, mtoto, mzee. Neno ni hilohilo moja. Lakini kwa watu wa pwani mtu huogeshwa. Anayeoshwa ni maiti! Nalijua hilo. Miaka yote nimelijua, nimekuwa nikisema "maji tayari" tu, nakomea hapo. Leo nikaongeza mkia.

Mmoja wa wageni akasema audhubillahi. Bi Mkubwa akainuka taratibu, akashika ukuta, akasema, wala hakupaza sauti: "Sijafa bado, Hamisa." Akaingia chumbani mwake, akafunga.

Maji yamepoa kwenye debe. Nimeyamwaga kwenye mchicha.

Ijumaa, 10 Juni

Habari imefika mpaka Milanzi. Mwanamke wa dukani kaniuliza, eti ni kweli nina haraka ya kumzika mkwe wangu? Nimeacha chumvi juu ya meza nikaondoka.

Huseni anasema nenda kaombe radhi. Nimekwenda. Nimepiga magoti mlangoni, shikamoo Mama, nisamehe Mama, ni lugha tu. Akajibu marahaba. Akasema amesamehe. Lakini alisema akiwa ameelekea ukutani, na mtu aliyesamehe haangalii ukuta.

Heri kujikwaa kidole. Kidole kingekuwa kimeshapona.

Alhamisi, 16 Juni

Nimejaribu. Mungu shahidi.

Tangu alfajiri nimechoma matofali mekoni mpaka yakawa mekundu. Nimeyapanga bafuni chini ya karai, nimeziba mlango kwa mablanketi, nikamwaga maji — mvuke huo! Hata mitalawanda nilimchongesha fundi wa vitanda, ingawa mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake. Nikamtuma Huseni amwambie mamake: hamamu tayari. Neno lake mwenyewe, asipate la kukasirikia.

Akaja. Akafunua blanketi, akachungulia. Akakohoa. Akasema: "Huseni, mwanangu, hapa mnakausha samaki wa Rukwa?"

Huseni akacheka. Mwantum akacheka mpaka akakaa chini. Hata mimi nilicheka, na nikaona kwenye jicho la Bi Mkubwa kitu kimelegea kidogo. Nikadhani tumemaliza. Nikanyoosha mkono nimshike. Akaurudisha mkono wangu, kwa upole, kama unavyomrudishia mtu kitu chake alichosahau. Akasema ataoga mwenyewe.

Akaenda akaoga maji ya pipa. Maji ya pipa! Asubuhi ya Juni, Sumbawanga, barafu imelala juu ya majani! Nilisimama nje namsikia anavyovuta pumzi kila kata ikimwagika. Ningeweza kuingia. Ningeweza kumnyang'anya ile kata. Nilisimama tu, na blanketi mkononi.

Jumamosi, 18 Juni

Kichomi. Homa. Dresa wa serikali amekuja na sindano, amesema kifua kimejaa na umri ni mkubwa. Mwantum haniigizi tena. Haniangalii.

Uji wa ulezi anakunywa, lakini kwa mkono wa Mwantum. Nikiingia mimi anafumba macho.

Maji yakimwagika hayazoleki, walitufundisha shuleni. Mwalimu alitutaka tutoe mfano. Sikuwa nao wakati ule.

Jumanne, 21 Juni

Mama yangu mzazi, Bertilla, kaja kwa miguu kutoka Pito, na unga wa ulezi kichwani na kuku kwapani. Nikamwacha akae na mgonjwa, mimi nikapike. Wazee wawili, mmoja Kiswahili chake cha Unguja, mwingine Kifipa na maneno machache ya sokoni. Nikajua watakaa kimya.

Kumbe! Napitisha kuni, namsikia Bi Mkubwa anaongea. Sauti ndogo, lakini inakwenda, inakwenda, haikati. Namsikia anasema hamamu. Nikasimama na mzigo wangu, nikashindwa kuingia. Ningeingia angefumba macho.

Mama yangu alipotoka nikamshika mkono. Kasemaje? Nieleze yote!

Mama akakuna kichwa. Eti maneno mengi, mazuri, hakuyaelewa nusu. Kulikuwa na maji. Kulikuwa na bwana mmoja mnene aliyelala kwenye mvuke wakamsahau. Nikamwambia Mama, jitahidi! Akanikemea: mimi si karani wa bwana shauri wa bomani, binti yangu.

Nimelia kwa hasira. Miaka yote hii nimemmwagia maji, nikasikiliza kwa sikio moja, jingine liko jikoni. Nikisema Alhamisi ijayo nitamwuliza, Alhamisi ijayo. Sijui hata waashi walitoka wapi. Sijui maji yalipandaje. Sijui yeye aliondokaje, na siku ya mwisho alimsugua nani. Sasa kamwambia asiyejua lugha, na mimi niko nje na kuni.

Tukiwa njiani, namsindikiza, Mama akasimama ghafla. Kakumbuka jambo moja alilolielewa. Bi Mkubwa alisema ile nyumba ya maji ilishafungwa zamani. Msafiri mmoja alimwambia, tangu Huseni hajaoa. Akasema: mwanangu ananificha, nami namwacha anifiche, maana akinificha ananipenda.

Nikakaa chini, palepale barabarani.

Alhamisi, 23 Juni

Naandika jikoni, daftari juu ya goti. Sina subira ya kungoja.

Asubuhi dresa kaja, kasikiliza kifua, kamwita Huseni nje. Huseni karudi ndani, kamwambia mamake: dresa anasema unaendelea vizuri. Bi Mkubwa akamshika shavu, akasema alhamdulillahi, mwanangu. Mimi nipo mlangoni. Akanitazama juu ya bega la Huseni. Mara ya kwanza tangu siku ile! Akanitazama sana.

Nikatoka. Sikuweza kuyakabili macho yale.

Sasa hivi Mwantum kanijia. Macho mekundu. Nikajua ananiletea la kunichoma, na kwa kweli kalileta kama mtu aliyebeba kaa la moto. Kasema: Mama anataka maji. Nikasema haya, mwogeshe, nakuchemshia. Akatikisa kichwa, akasema: Mimi nimemzaa — akajisahihisha — mimi kanizaa, na mimi kanikataa. Kasema mwite Hamisa. Kasema, mwambie Hamisa aje anioshe.

Anioshe? nikauliza.

Anioshe, akasema Mwantum. Nimemwuliza mara mbili, wifi. Nikamwambia Mama, sema aniogeshe. Akasema najua nilichosema.

Nimeweka kuni zote. Nimechuma dodoki kwenye ua, nimelibandua ganda, mbegu zimemwagika kila mahali. Liwa ya kumpaka ninayo kidogo. Naandika mbiombio hata herufi hizi sitazisoma kesho. Kama ni mzaha, basi kanisamehe. Kama si mzaha, kaniaga, na kazi yenyewe kanipa mimi, si binti yake. Kama ni vyote viwili? Anaweza. Bi Mkubwa anaweza! Sasa naingia mle nasema nini? Nianzie wapi?

Maji yanachemka. Mwantum kachungulia tena: fanya haraka wifi, na baridi hii Mama kaitoa miguu nje ya blanketi, namfunika anaitoa, hataki ifunikwe —