Tumemsamehe Zamu Bi Somoe

Ijumaa. Mvua imekatika tangu asubuhi, imetuachia fukuto na nzi. Nimekula pilau ya watu na haijashuka hadi sasa.

Tunaishi nyumba saba uwanja mmoja, hapa Kibiti. Tulinunua eneo kwa pamoja, tukachimba kisima kimoja, tukajenga jiko moja kubwa. Kila Ijumaa baada ya swala nyumba moja hupikia wote, kwa zamu. Getini tumeandika kwa rangi ya kijani: SISI NI NDUGU. Undugu wetu unaishia hapo hapo getini.

Leo ilikuwa zamu ya Bi Somoe, mjane kutoka Maparoni, anayesuka mikeka na kulea wajukuu wawili. Aliuza shamba lake la mpunga ili aingie hapa, akatoa mchango wake kama sisi sote. Zamu yake iliyopita alipika bada, yaani ugali wa muhogo, kwa kisamvu na kamba wadogo wa kukaushwa. Nilirudia mara mbili. Bahati mbaya siku hiyo Bi Tatu alikuwa na wageni kutoka Dar.

Bi Tatu ni mke wa mfanyabiashara wa korosho, na anajua kuona aibu kwa niaba ya wengine. Jumapili iliyopita aliitisha kikao. Akasema kwa ile sauti yake ya kufariji wafiwa, "Jamani, tumhurumie mama wa watu. Tumsamehe zamu. Yeye atatusaidia kuosha masufuria, basi."

Huruma! Wageni wake walikunja pua, na dawa yake ni kumfanya jirani mtumishi.

Mumewe akatikisa kichwa kukubali, kama anavyokubali kila kitu kinachosemwa na mkewe mbele za watu. Wengine wakasema "ni wema, ni wema." Bi Somoe alikuwa amekaa pale pale, anautazama mkeka. Hakuna aliyemuuliza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumempokonya jembe mwenyeji.

Na mimi? Mimi ndiye katibu. Mwalimu mzima, ninayewafundisha watoto wa watu kusema ukweli, nilichukua kalamu nikalikata jina lake kwenye orodha ya zamu. Nilitumia hata rula, mstari usije ukapinda. Nawadharau majirani zangu, lakini leo nimejidharau zaidi.

Basi mchana Bi Tatu akapika badala yake. Pilau ya nyama, kachumbari, ndizi, na maneno mengi juu ya mchele wake. Bi Somoe hakutokea. Wakasema labda anaumwa. Nikapakua sahani nikampelekea.

Hakuwa anaumwa. Alikuwa kibarazani kwake na wajukuu, anasonga bada kwenye sufuria ndogo. Akaitazama sahani, akanitazama mimi.

"Ahsante, mwanangu. Irudishe tu. Mie sili kwa mtu asokula kwangu."

Hakusema kwa hasira. Laiti angenitukana.

Kisha akaniambia kwamba nduguye wa Ruaruke amempa kiwanja, na mwisho wa mwezi atahama. Alisema hivyo huku akimpangusa mjukuu kamasi.

Harufu ya kisamvu ilinifikia. Nilitaka kusema, nipakulie, Bi Somoe. Neno lilinifika mdomoni. Lakini Bi Tatu alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mkono kiunoni, anatutazama. Nikageuka na pilau yangu kama mtoto aliyetumwa dukani akakuta pamefungwa.

Nilimwogopa Bi Tatu. Mwanamke asiyejua hata kusonga bada!

Wakati naandika haya namsikia huko nje akiuliza nani ataosha masufuria.

Orodha mpya naweza kuiandika dakika hii, lakini karatasi haimrudishi mtu. Kesho mchana, watu wote wakiwa uwanjani na Bi Tatu akitazama, nitavuka na sahani tupu. Nitapiga hodi kwa Bi Somoe na kumwambia nina njaa, nimekuja kula kwake.

Akininyima, nitakaa pale pale chini, wote wanione nimenyimwa.