Maua Niliyopanda kwa Shukrani

Shangazi yangu wa gazeti, pole na kazi ya kubebeshwa mizigo ya watu, leo naomba uongeze na wangu maana umenishinda. Mimi ni fundi cherehani, mjane, nina miaka hamsini na mbili, na tangu mume wangu atangulie nilikuwa mtu wa kujifungia, nashonea chumbani, wateja wananikuta mlangoni tu, mpaka Jumamosi moja asubuhi wifi yangu, dada wa marehemu, akaja na jozi mbili za glavu akaniambia, "Wifi, umekaa humu mpaka kuta zimekuchoka, vaa viatu twende tukabebe mawe," nikadhani ni utani wetu wa mawifi, kumbe mwenzangu hatanii.

Nikajikuta kwenye kilima cha nyuma ya mji na watu kama ishirini wanaojitolea, wanatengeneza njia moja ya miguu ya kufika kileleni, kwa sababu zamani kila mtu alipanda anapotaka na mvua ikafuata nyayo zake ikachimba makorongo, sasa wao wanaziba zile njia za mkato kwa matawi ya miiba na kupanda miti ya asili ili kilima kirudi kilivyokuwa. Mkuu wetu ni mpima ardhi mstaafu, tunamwita Bwana Kamba kwa kuwa haweki jiwe kabla ya kuvuta kamba, na miche alikuwa anatupa bure mzee mmoja mwenye kitalu, mpole, mtu wa maneno ya kuhesabu.

Shangazi, watu wale wamenirudishia uhai, nasema kweli. Hakuna aliyenibembeleza kwa pole, walinipa koleo. Siku ya kwanza nilibeba mawe kumi na moja, nikarudi nikalala fofofo, na baada ya miezi michache nikajikuta nafungua madirisha, nakula nikashiba, naimba nikishona, na kila nikiwaona wale watu moyo unajaa nakosa la kuwapa. Yule mzee nilimshonea aproni ya kitambaa cha buluu chenye mistari, anaivaa kila Jumamosi mpaka leo, lakini nikaona hiyo haitoshi, nataka kuwashukuru wote.

Hapo ndipo nilipoponzeka. Mlangoni kwangu kuna ua linalotambaa, la zambarau, alilipanda marehemu, nikajiambia nitawashtukiza, nikakata vijiti kumi na vinane, Alhamisi mchana nikaenda peke yangu nikavipanda kwenye kona ya tatu ya njia, pale nilipopumzika siku yangu ya kwanza, kila kimoja nimekifunga kwenye ufito kwa kitambaa kilichobaki kwenye ile aproni. Likashika. Shangazi, lilishika kupita kiasi! Mvua mbili tu likatoka kwenye kona, likapanda juu ya miche, likainyonga, likashuka mpaka kwenye mitaro ya kupitishia maji. Nilipoona mambo yanaharibika niliwahi kwenda kutoa vile vitambaa, nikapata kumi na saba.

Sasa ni Jumamosi ya sita hatujengi, tunang'oa tu, njia imesimama hatua hamsini kabla ya kufika kileleni. Siku ya kwanza ya kung'oa Bwana Kamba alisema mbele ya wote kwamba gugu hili limekuja na udongo wa miche, na tangu sasa miche itachukuliwa kwingine. Yule mzee akainama pale konani, akachomoa kitu ardhini, akakitia mfukoni, akasema, "Huenda ni udongo wangu. Nisameheni." Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, nimebana mdomo kama nimeshika pini.

Bado anakuja, lakini anafanya kazi nyuma ya wote, na wakati wa chai anakaa peke yake juu ya toroli. Na mimi, Shangazi, nasifiwa! Wanasema hakuna anayeling'oa lile gugu kwa uchungu kama mimi, na Jumamosi hii wanataka kuweka jiwe pale kona ya tatu waandike "Kona ya Fundi". Nimemwambia wifi peke yake, anasema maji yakimwagika hayazoleki, ning'oe kimyakimya mpaka liishe. Lakini chai yao naimwaga pembeni wasione, na nikisema naogopa watanifukuza, na wakinifukuza narudi kwenye kile chumba. Nifanyeje?

Fundi wa Kona ya Tatu

*

Fundi, keti chini.

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nimefuta machozi, mara ya pili nimetafuta fimbo.

Kwanza nifurahi nawe, maana si kila siku naletewa barua ya mtu aliyezidiwa na shukrani. Wengi wanaoniandikia wamezidiwa na mambo mengine. Na huyo wifi yako aliyekuja na glavu mbili, Mungu amweke. Ila mwambie hivi kutoka kwangu: methali yake ni ya maji. Gugu linazoleka, ndiyo maana mna wiki sita mnalizoa.

Sasa fimbo. Ulikuwa unapanda miti ya asili kila Jumamosi na watu wanaovuta kamba kabla ya kuweka jiwe, halafu ukaenda Alhamisi kimyakimya na vijiti vya mlangoni kwako bila kumuuliza yeyote. Kwa nini Alhamisi? Kwa sababu moyoni ulijua ungeuliza ungeambiwa hapana. Hilo nalo nakusamehe, mapenzi yana haraka zake. Nisilolisamehe ni kule kubana pini mdomoni huku mtu asiye na kosa anaomba msamaha.

Na hapa, mwanangu, hebu rudi kwenye barua uliyoiandika kwa mkono wako. Umefunga vijiti kumi na vinane, umekusanya vitambaa kumi na saba, kisha ukaniambia mzee aliinama akachomoa kitu akakitia mfukoni, ukaendelea na habari za toroli. Fundi mzima! Unadhani alichomoa nini? Kitambaa kile anakivaa tumboni kila wiki, hawezi kukijua? Cha kumi na nane kiko kwake. Anajua ni wewe tangu siku ile, na akakificha kabla mwingine hajakiona. Alikuona ulivyofika pale mara ya kwanza, na anakuona ulivyo leo, akaona afadhali achafuke yeye kuliko wewe urudishwe chumbani.

Huyo ndiye unayemwacha anywe chai peke yake.

Kwa hiyo sikiliza, na usinipunguzie hata neno. Usingoje Jumamosi. Kesho asubuhi nenda kitaluni kwa mzee, usimtume wifi, usibebe zawadi, na maua ndiyo kabisa usibebe. Mwambie, "Mzee, nimefuata kitambaa changu." Halafu nyamaza, umwachie nafasi ya kusema au kutosema.

Jumamosi, kabla hawajagusa lile jiwe, simama useme kwa kifupi: "Nimepanda mimi. Mzee hana kosa." Usilie kwanza, ukilia watakubembeleza na yeye atasahaulika tena. Mwombe Bwana Kamba, mbele ya wote kama alivyosema mbele ya wote, kwamba miche irudi kuchukuliwa kitaluni kwa mzee. Jiwe walitumie kwenye mtaro.

Ua la mlangoni usilitupe, ni la mumeo. Lihamishie kwenye chungu, likate kila likianza kuzaa mbegu, libaki kwako.

Watakufukuza? Watanuna. Bwana Kamba atanuna kwa urefu wa kamba yake. Kisha atatazama zile hatua hamsini zilizobaki, atazame mikono aliyonayo, na atakunyooshea koleo, maana watu waliokupokea ukiwa huwezi hata kusema hawakukupokea kwa sababu ulikuwa huna makosa.

Na Jumamosi hiyo asubuhi ukitoka nyumbani, beba jozi mbili za glavu. Moja yako. Nyingine mpelekee mzee palepale kwenye toroli, umwambie kama ulivyoambiwa wewe: twende tukabebe mawe.