Komeo la Chumba cha Kufulia

Jumanne, 4 Machi

Nimetundika mapazia kwenye lile jumba walilokaa askari wakati wa vita, sasa linafanywa makumbusho. Madirisha kumi na moja, na mkurugenzi wa makumbusho kaniganda kama kupe – pandisha, shusha, vuta kushoto. Mdomo hauna breki! Jumba limepakwa rangi mpaka linang'aa. Ngazi zimepigwa vanishi. Ungedhani humo watu walikuwa wanakunywa chai tu.

Nilikwenda na Mama. Aliomba mwenyewe. Wakati wa vita alifua humo nguo za askari, miezi saba, akiwa na miaka kumi na mitano. Zaidi ya hapo hajawahi kunieleza. Alipita vyumba vyote. Kwenye chumba cha kufulia akashika mlango, akasema komeo lilikuwa nje. Sasa wameliweka ndani.

Mkurugenzi akacheka. Eti komeo ni komeo tu, bibi.

Na ukutani kuna bango: "Hapa mabinti wa jirani walijitolea kuwafulia askari." Walijitolea! Nilitaka kulibandua kwa meno.

Jumatano, 5 Machi

Mama kaongea. Alikuwa anakunja shuka, hakuniangalia. Walikuwa wasichana wanne. Waliletwa na lori. Jioni askari anafunga komeo kwa nje, asubuhi anafungua. Na usiku? Nikauliza, mjinga mimi. Akasema komeo lilikuwa linatuzuia sisi, halikuwa linawazuia wao.

Anataka komeo lirudishwe nje na bango libadilishwe kabla ya uzinduzi Jumamosi. Basi. Mama hajawahi kuniomba kitu maishani.

Alhamisi, 6 Machi

Mkurugenzi ananichekea kwa meno tu. Ushahidi uko wapi, dada? Nikamwambia ushahidi uko nyumbani, una miguu miwili na presha. Akafungua faili. Maelezo ya miaka miwili iliyopita: mama yetu alijitolea kwa moyo mmoja, alitendewa kwa heshima. Chini kuna sahihi.

Ya kaka! Kaka yangu wa tumbo moja. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa kaka nikiwa nachemka. Nimemtukana mlangoni, mbele ya shemeji, kabla hata ya salamu. Mnafiki, mwoga, umemuuza mama yako. Kanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Halafu akauliza kwa sauti ndogo: nilizaliwa lini mimi?

Nikamtajia mwaka.

Akasema, haya, hesabu. Na Baba alimwoa Mama lini? Ukishaandika ukutani kwamba walifungiwa, mtaa mzima utahesabu.

Miaka yote hii sijawahi kuhesabu. Sijui kama Mama anajua kwamba kaka anajua. Nimerudi nyumbani nimekasirika vilevile, ila sasa sijui nimkasirikie nani.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nyuma ya karatasi ya ratiba, kwenye benchi, koridoni. Uzinduzi umekwama.

Komeo bado liko ndani. Bango bado lipo. Mama kaingia chumba cha kufulia, kakaa kwenye stuli, kasema hatoki mpaka seremala aje. Wageni wamejaa mpaka kwenye ngazi. Mkurugenzi kamwita bi mkubwa, kamwita mama yetu mpenzi, sasa anamwita kikongwe – nimemsikia, mshenzi!

Halafu akatoa ile faili mbele ya watu. Eti familia yenyewe ilishathibitisha, na mtoto wake mkubwa huyu hapa, atusomee. Akamsukumia kaka karatasi mkononi.

Niliinuka nimpige mkurugenzi. Mama akaninyooshea kidole: kaa chini. Nikakaa.

Akamwambia kaka asogee karibu, masikio yake siku hizi si mazuri. Kaka kasogea. Kasimama kizingitini.

"Soma, mwanangu," Mama akasema. "Soma kwa sauti, nami nisikie nilivyojitolea."

Kaka anaitazama karatasi. Kafungua mdomo mara mbili, kaufunga. Mama hajamtolea macho, anamngoja tu.