Nimemkumbatia Mama Mkwe Mbele ya Ofisi Nzima

Shangazi Dawlat, nakusihi usilitaje jina langu redioni, kwa kuwa Damanhuri ni mji mdogo na mama mkwe wangu husikiliza kipindi chako kila asubuhi.

Mimi ni karani katika ofisi ya maji. Kila idara iliamriwa itoe mtu mmoja akafunzwe huduma ya kwanza, nikatolewa mimi kwa sababu ndimi pekee nisiyejua kukataa, basi nikawa nakwenda, nikawa namkandamiza mdoli kifuani, hadi mwalimu akanifokea, "Wewe, acha kumwomba radhi, huo ni mpira!"

Sasa, Shangazi, juzi tulikuwa mezani ofisini tunakula taamiya, zile bajia za maharage, na Hajja Inshirah, mkuu wa masjala na mama wa mchumba wangu Nihal, ambaye tumeshasoma Fatiha na kwao ila dhahabu ya uchumba bado sijatoa, alikuwa anamsema mwenzetu Bwana Wagdi, aliyekaa palepale, huku anatafuna, kipande cha karoti ya achari kikamkwama, akanyamaza, sisi tukadhani amemaliza kusema, jambo ambalo halijapata kutokea, ndipo nikaona ameshika koo, hakohoi, sauti haitoki, midomo inageuka buluu.

Wagdi akapiga kelele, "Maji! Mpeni maji! Hajja, tazama dari, kitashuka!"

Nikasema, "Samahani, maji hapana," hakuna aliyenisikia, nikaisukuma bilauri ikamwagika, nikamwinamisha Hajja, nikampiga mgongoni katikati ya mabega mara tano kwa kiganja, wapi, basi, Mungu anisamehe, nikasimama nyuma yake, nikamzungushia mikono, nikaweka ngumi juu kidogo ya kitovu, nikavuta ndani na juu kwa nguvu zangu zote, mpaka karoti ikaruka ikatua kwenye chai ya mkurugenzi.

Alipopata pumzi, neno lake la kwanza lilikuwa, "Toa mikono yako, kijana huna haya!"

Tangu hapo hasemi nami, Wagdi ananiita "Bwana Harusi wa Hajja," na Nihal anasema mama yake ameapa hakuna dhahabu wala harusi, na kwamba amejilaza ameshika tumbo chini ya mbavu, anakunywa maji ya bizari, daktari hamtaki kwa sababu ataulizwa nani alimbana. Je, nikamwombe radhi kwa maua au kwa keki ya basbusa? Na mafunzo haya, niyaache?

Karani Mwoga

*

Mwanangu Mwoga,

Maua! Umeandika barua nzima juu ya aibu yako, na maumivu ya tumbo la mtu mzima ukayachomeka mwishoni, kati ya dhahabu na basbusa. Mwalimu alipofika kwenye somo la kinachofuata baada ya kumbana mtu, ulikuwa bado unamwomba mdoli radhi? Mtu aliyebanwa tumbo namna ile lazima aonwe na daktari hata kama anacheka, maana ngumi inayotoa karoti inaweza kuumiza ini au bandama. Na Hajja hacheki.

Pole, najua unaogopa. Mezani ulifanya sawasawa. Angekuwa anakohoa, ungemwacha akohoe. Hakuweza, ukamsaidia. Yale maji ya Wagdi yangeweza kummaliza, na umwambie hivyo kila akikuita bwana harusi.

Sasa simama. Mchukue Nihal, pandeni teksi, mwende kwa Hajja. Akikufukuza, usiondoke mlangoni, na usitumie ile sauti yako ya "samahani, maji hapana." Ukimkuta anatokwa jasho jembamba, anaishiwa nguvu au tumbo limekuwa gumu, piga simu uite gari la wagonjwa palepale. Daktari mwambie ukweli: nani alimbana, wapi, na kwa nguvu kiasi gani. Mafunzo yamalize. Hukuyaacha yalipokuwa magumu, utayaacha kwa sababu ya Wagdi?

Na wewe, Hajja Inshirah wa masjala, najua unanisikiliza. Kijana ameniomba nisitaje jina lake, lako hakuniambia nilifiche. Weka hayo maji ya bizari chini, vaa viatu, kijana na Nihal wanakuja. Na daktari akikuuliza nani alikubana, mjibu kwa sauti ile unayomsemea Wagdi: "Mkwe wangu."